Mstari wa Tisa

Papa Polycarpe alikuwa na imani moja juu ya kazi yake, na aliirudia kwa kila mteja hata kama hakuulizwa: ngazi nzuri ni ile ambayo mtu akishaipanda hakumbuki kama ameipanda. Miguu ikianza kufikiri, ujue fundi alikosea.

Kwa mji kama Bukavu hayo si maneno ya kupuuzwa. Huko vilima vimesimama wima na nyumba zimeng'ang'ania mteremko kama mbuzi, na siku ya mvua asiye na ngazi hufika kwake amekalia matope. Papa Polycarpe alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Kwa zaidi ya miaka arobaini alikuwa amejenga ngazi na kuta za kuzuia udongo, kuanzia Bagira alikoishi hadi kwenye rasi za Ibanda zinazochungulia Ziwa Kivu. Kidato chake kilikuwa kiganja kimoja na vidole vitatu, basi, na hakuhitaji mita ili kukipata. Aliweka jiwe, akalipigapiga kwa mpini wa nyundo, akasikiliza, akasonga mbele. Hakuna mtu aliyewahi kujikwaa kwenye ngazi yake. Hilo alilisema pia, hata kama hakuulizwa.

Kiangazi kimoja alipata kazi Nguba, kwa Maman Gisèle, mwalimu wa chuo kikuu, mjane mwenye kicheko kinachosikika mpaka barabarani. Bustani yake ilishuka ghafla toka kwenye baraza ya nyumba mpaka ziwani, na Maman Gisèle alikuwa amechoka kuyatazama maji bila kuyafikia. Alitaka ngazi ya mawe, vidato thelathini na sita. Papa Polycarpe alianza chini, ufukoni, akapanda akijenga, pamoja na mwenzake Ignace. Ignace alikuwa masoni pia, fundi wa mawe, mtu wa miaka arobaini na mitano, mwenye mabega mapana na ulimi usiopumzika. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka ishirini kwa mpango usiobadilika: Ignace anachanganya saruji, anabeba maji na mawe; Papa Polycarpe anapiga magoti na kuweka.

Jumamosi ya kwanza, saa nane mchana, baraza ilijaa vijana. Walikuwa saba au wanane, wenye madaftari na simu, wakisukuma viti ukutani.

“Ni kwaya?” akauliza Ignace.

“Washairi,” akajibu Maman Gisèle kutoka juu. “Nimewapa baraza kila Jumamosi. Hawatawasumbua.”

Papa Polycarpe akavuta kofia mpaka masikioni. Ushairi aliujua. Ulikuwa yale maneno yaliyovaa suti, yanayosomwa kwenye sherehe wakati chakula kinapoa, kumsifu mgeni wa heshima ambaye mwenyewe anatazama saa. Akaendelea na mawe yake.

Wa kwanza walisoma, naye hakusikia. Kisha akasimama msichana mmoja mwembamba, mwenye miwani, ambaye baadaye walijua kwamba anaitwa Sagesse na kwamba anauza dawa katika famasia moja hukohuko Bagira. Hakushika karatasi. Alianza kwa kugonga sakafu kwa kisigino, polepole, kama mtu anayepima kama ubao utambeba, halafu akasema:

*Nimepanda, nimeshuka,*
*mlima haunijui;*
*nina kiu, nina ziwa,*
*nina ndoo, sina njia.*

Papa Polycarpe akacheka peke yake, jiwe mkononi. Bagira mabomba yalikuwa yamekauka tangu Jumatatu, na kila asubuhi yeye na majirani zake walisimama na bidoni zao za maji, tupu, wakilitazama ziwa zima likimeremeta huko chini. Nina kiu, nina ziwa! Huyu mtoto alikuwa amewaona. Na hiyo njia aliyoikosa, si ndiyo yeye Polycarpe aliyokuwa akiijenga wakati huohuo? Akapandisha kofia kidogo, sikio moja likabaki nje.

Sagesse akaendelea:

*Aliyenipa mgongo*
*ndiye aliyenibeba;*
*sikumwona uso wake,*
*nilimjua kwa mwendo.*
*Akasimama.*
*Nyuma yake nikashuka,*
*dunia ikawa mbele.*

Hapo Papa Polycarpe hakuelewa kitu. Lakini walikuwa katika mazoezi, na Sagesse alilirudia shairi lake mara kumi, labda kumi na tano. Mara ya tatu mkono wa mzee ulikuwa tayari unalifuata. Mpini wa nyundo ulipiga jiwe pamoja na kisigino cha msichana: mapigo manane, mstari, mapigo manane, mstari. Saruji, jiwe, manane, saruji, jiwe, manane. Hakuwahi kufanya kazi kwa raha namna ile. Kila mara tu walipofika kwenye lile “Akasimama”, mkono ulibaki hewani ukitafuta mapigo ambayo hayakuja, kisha ukashuka popote.

“Muzee,” akasema Ignace, “leo unakimbia kama mutu mwenye anajenga yake mwenyewe.”

“Leta jiwe, nyamaza.”

Saa kumi na moja wakaanza kufunga kazi. Ignace alishuka ziwani kuosha vyombo, akapanda na ndoo mbili za maji, akiimba. Kwenye kidato cha ishirini na mbili wimbo ulikatika. Mguu wake ulishuka kutafuta jiwe mahali ambapo jiwe halikuwapo, goti likamkunjika, ndoo moja ikamwagika kichwani mwake na nyingine ikarudi ziwani kwa mlio wa kengele. Alipoinuka, hakuwa na jeraha lolote, ila suruali ilikuwa imepasuka kuanzia mfukoni hadi kwenye pindo.

Papa Polycarpe hakumtazama Ignace. Alikuwa ameinama kwenye kidato, akiweka kiganja na vidole. Kiganja kimoja na kidole kimoja. Vidole viwili vimepungua. Alikuwa ameliweka jiwe bila kutandika saruji chini yake.

Alipima tena, akitumaini kwamba mkono wake ndio umesinyaa. Kisha akavua kofia, akapanda mpaka kwenye baraza, akasimama mbele ya washairi wote, vumbi la saruji nyusini.

“Nani alisema ile ya ndoo?”

Sagesse akainua kidole kama mwanafunzi.

“Shairi yako imeniharibia ngazi.”

Kijana mmoja aitwaye Bruno akaanza kucheka, Maman Gisèle akamkanyaga mguu.

“Samahani, Papa,” akasema Sagesse. “Imeharibu namna gani?”

“Namna hii. Mistari yako yote iko na mapigo manane. Nimehesabu, mara mingi. Nane, nane, nane, mutu anatembea vizuri. Halafu ya tisa iko na matano. Matano! Umeweka kidato fupi katikati ya ngazi. Mimi nilijikwaa huku juu ya shairi, Ignace akajikwaa kule chini juu ya jiwe. Angalia suruali yake.”

Wote wakatazama. Ignace, aliyekuwa amemfuata, akageuka upande kwa heshima.

Sagesse alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa tena. “Papa,” akasema, “nimeisoma hii mbele ya watu mara nane. Hakuna mwenye alihesabu. Hata hawa wenzangu.”

“Basi umeambiwa. Irekebishe.”

“Hapana.”

“Juu ya nini?”

“Niliifanya kusudi.”

“Kusudi!” Papa Polycarpe akawageukia wengine kutafuta shahidi. “Kukwaza batu kusudi!”

“Ulipojikwaa, Papa, mkono wako ulifanya nini?”

“Ulifanya nini? Ulisimama.”

“Na mstari wenyewe unasema nini?”

Papa Polycarpe alifungua mdomo. Aliusema mstari ule moyoni, neno lake moja, akaufunga mdomo. Chini ilisikika ndoo ya Ignace ikigongagonga mawe ya ufukoni.

“Wee mutoto,” akasema mwishowe, taratibu.

“Lakini nani alisimama,” akasema Sagesse, na sasa yeye ndiye aliyekuwa akitabasamu, “hiyo sikuambie. Na namna gani mtu akupe mgongo halafu akubebe, hiyo pia sikuambie. Fikiria, Papa. Jumamosi unaniletea jibu.” Akachana ukurasa wa daftari, akaliandika shairi lote kwa herufi kubwa, akampa.

Mzee alilikunja, akaliweka ndani ya kofia, akaondoka bila kuaga. Njia nzima hakusema neno, na Ignace, aliyekuwa ameifunga suruali yake kwa kipande cha kamba ya kupimia, alisema peke yake kwa niaba ya wote wawili.

Jumatatu alikivunja kidato cha ishirini na mbili, akakijenga upya. Hiyo ilikuwa kazi ya saa mbili. Ile nyingine haikuisha. Alikuwa ameligeuza swali kila upande kama jiwe lenye pembe mbaya. Mtu akikupa mgongo, amekuacha. Mtu akikubeba, hajakuacha. Basi ni mtu gani huyo anayekuacha na kukubeba kwa wakati mmoja? Alifikiri juu ya wanasiasa, akawaondoa haraka: hao kazi ya kwanza waliifanya, ya pili bado. Alifikiri juu ya punda, ila hakukumbuka kama alishawahi kumwona punda Bukavu. Alifikiri juu ya Mungu, akaona aibu kidogo, akamwacha.

Kilichomshangaza ni kwamba hakukasirika. Fumbo lile lilimwasha kama harufu ya chakula cha jirani. Na kila alipochoka kulifikiri, mapigo yenyewe yalimchukua tena, manane manane, yakamrudisha palepale mlangoni, tayari kubisha upya.

Jumatano asubuhi alikuwa mezani na chai yake. Mke wake, Maman Agathe, alikuwa akipita huku na huko akimtayarisha Merveille, mtoto wa miezi saba wa binti yao Elodie, aliyeachwa kwao kila siku mama yake alipokwenda ofisini.

“Aliyenipa mgongo,” akanong'ona Papa Polycarpe ndani ya kikombe. “Aliyenipa mgongo…”

Maman Agathe akasimama katikati ya chumba. “Papa Elodie, nani amekupa mugongo mu hii nyumba?”

“Eh?”

“Tangu Jumapili unasema ile neno. Hata kanisani, padri anainua hostia, weye unasema mugongo, mugongo. Kama ni juu ya vile nililala jana nikiangalia ukutani, ni sababu ulikuwa unakoroma. Sema wazi.”

“Si weye, Mama Elodie. Ni shairi moja.”

“Shairi gani?”

Hakuwa na njia. Akaitoa karatasi kofiani na kumpa, akaeleza habari yote, Ignace na ndoo zake, msichana na miwani yake. Maman Agathe alikuwa msomaji wa masomo parokiani na sauti yake ilizoea mambo makubwa. Alilisoma shairi kwa sauti huku mkono mmoja ukimpandisha Merveille mgongoni na kumfunga kwa kitenge. Alipofika katikati aligeuza shingo kumtazama mtoto. Kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi mtoto akaruka-ruka kama mpanda farasi, naye akaanza kucheka bila kujua sababu.

“Siku tatu!” akasema akifuta machozi. “Siku tatu unatafuta! Weye hukubebwaka na mama yako?” Akamgeuzia mgongo. “Angalia. Merveille anaona nini?”

“Mugongo yako.”

“Anaona uso yangu?”

“Hapana.”

“Nani anamubeba?”

Papa Polycarpe akaweka kikombe chini. Alitazama kichwa kidogo cha mjukuu wake, shavu limelazwa katikati ya mabega ya Agathe. *Sikumwona uso wake, nilimjua kwa mwendo.* Yote yalikuwa pale, jikoni mwake, siku zote.

“Na ile ‘akasimama’?” akauliza, sauti imekuwa ndogo.

Maman Agathe alikaza kitenge. Alianza kutembea, toka mlangoni hadi dirishani, toka dirishani hadi mlangoni, mpaka macho ya Merveille yakaanza kufumba. Alitembea tena mara mbili. Halafu akasimama ghafla. Mtoto akainua kichwa, akafumbua macho, akatazama huku na huku.

“Umeona? Njo vile,” akasema Maman Agathe. “Mama akisimama, mutoto anaamuka. Huyo binti iko na akili. Mulete siku moja nimuone.”

Siku ile Papa Polycarpe alikwenda Nguba kama mtu aliyeshinda kesi. Akamweleza Ignace, mara mbili.

“Sasa umejua,” akasema Ignace. “Unaiacha ile shairi?”

“Naiacha.”

Hakuiacha. Kufikia mchana ushindi ulikuwa umeanza kupoa, kwa sababu haukuwa wake. Alijihisi kama mwanafunzi aliyechungulia karatasi ya jirani kwenye mtihani. Jibu la Agathe lilikuwa sahihi, lilikaa vizuri bila kuyumba. Lakini kila aliposema shairi lile, kitu kiliendelea kumvuta mkono, kana kwamba lilikuwa na neno lake yeye, ambalo bado halijamwambia. Dunia ikawa mbele. Mbele ya nani?

Ijumaa walifika kidato cha thelathini na tatu. Jua lilikuwa kali, ziwa limetulia, mitumbwi ya wavuvi imelala kama maganda ya maharagwe. Papa Polycarpe alikuwa amepiga magoti akisubiri jiwe. Halikuja. Alinyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, kama alivyofanya kwa miaka ishirini.

“Ignace, jiwe.”

“Nalishika,” akasema Ignace nyuma yake. “Nilikuwa nafikiri tu. Unajua, Muzee, mutu akiniuliza Polycarpe anafanana namna gani, nitamuambia: iko na shati ya bulu, iko na kovu ndogo nyuma ya shingo, na mukaba ya suruali yake imekatika pahali pamoja. Miaka makumi mbili naona mugongo yako tu.”

Alisema kwa mzaha. Alikuwa na mizaha mingi na huu haukuwa bora kuliko mingine. Lakini Papa Polycarpe alibaki na mkono nyuma, hakusogea.

Kwa sababu alikuwa na miaka kumi na saba tena, na mbele yake palikuwa na mgongo wa Mzee Gérard.

Mzee Gérard ndiye aliyemfundisha. Alikuwa mtu mkavu, mwenye maneno machache kuliko jiwe, na kwa miaka mitatu hakumweleza kitu hata kimoja. Alipiga magoti, akampa mgongo, akafanya kazi. Polycarpe alisimama nyuma akibeba. Mwanzoni alimchukia. Halafu, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kutazama, aliutazama mgongo ule. Akajifunza kwamba bega la kulia likishuka, jiwe limekubali. Likipanda, jiwe limekataa. Alijua saruji ikiwa nyepesi kwa namna shingo ilivyokakamaa. Uso wa bwana yule aliukumbuka kwa shida sasa. Mwendo wake aliukumbuka wote, na ulikuwa ndani ya mikono yake mwenyewe, umembeba na kumlisha yeye, Agathe na watoto wao watano miaka yote hii.

Na siku moja, huko Bagira, kwenye ngazi ya watu fulani, bila sababu, bila hotuba, Mzee Gérard alikuwa amenyanyuka kutoka magotini. Akasogea pembeni. Akampa mwiko wa saruji. Mbele ya kijana yule hapakuwa tena na mgongo wowote. Palikuwa na kilima, na hewa, na nafasi tupu inayongojea jiwe.

“Akasimama,” akasema Papa Polycarpe kwa sauti.

“Nani?” akauliza Ignace.

Mzee alianza kucheka. Alitazama huku na huku kana kwamba ameokota kitu na anaogopa mwenye mali asije akatokea. Kumbe neno lilikuwa na milango miwili! Agathe alikuwa ameingia kwa ule wa kwanza: mama alisimama, yaani aliacha kutembea. Lakini mtu aliyepiga magoti naye husimama, na huyo haachi kitu. Huyo ananyanyuka, anakuachia nafasi. Neno moja, silabi tano. Ndiyo sababu mstari ulikuwa mfupi, alifikiri. Pale palibaki pengo kwa makusudi, ili mwingine aingie.

Kisha kicheko kikaisha, kwa sababu alikuwa amefikiri jambo lililofuata, nalo halikuwa la kuchekesha sana. Mzee Gérard alikuwa amempa mgongo miaka mitatu. Yeye alikuwa amempa Ignace mgongo miaka ishirini.

Akaweka mkono kwenye goti, akanyanyuka. Mifupa ikalia. Akasogea pembeni, akageuka, akamtazama Ignace usoni, akamnyooshea mwiko.

Ignace aliutazama mwiko, kisha mzee. “Unaumwa?”

“Hapana.”

“Mukono inakuuma?”

“Hakuna pahali inaniuma. Weka.”

“Niweke nini?”

“Jiwe, Ignace! Si ulisema unalishika? Iko vidato tatu na hiki. Ni vyako.”

Ignace, ambaye ulimi wake haupumziki, hakupata neno. Alipiga magoti polepole, kama mtu anayeingia kanisa asilolijua. Alitandika saruji, akaisawazisha kwa upande wa mwiko, akaweka jiwe, akaligonga, akasikiliza. Akaliinua tena na kuongeza saruji kidogo upande wa kushoto. Papa Polycarpe aliuma mdomo asiseme kitu, na hakuna kazi aliyoifanya maishani iliyomchosha kama hiyo. Kidato kilipotulia, akainama kukipima. Kiganja na vidole vitatu.

“Si mbaya,” akasema.

“Si mbaya?” Ulimi wa Ignace ulikuwa umerudi. “Si mbaya! Angalia hiyo pembe! Weka nivo! Nasema weka nivo hapo, Muzee, uone namna imelala sawa!”

Jumamosi, washairi walipofika, Papa Polycarpe alikuwa amekwisha kukaa kwenye baraza, amenawa mikono, kofia kwenye paja. Sagesse alivuta kiti akaketi mbele yake.

“Nimeleta majibu mawili,” akasema mzee. “Ya kwanza si yangu, ni ya bibi yangu, Maman Agathe. Sitaki uniheshimu bure.” Akaeleza habari ya mtoto na kitenge, na jinsi Merveille alivyoamka.

Sagesse alipiga makofi mara moja. “Ndiyo hiyo. Nilimwandikia nyanya yangu. Yeye ndiye alinibeba. Mwambie Maman Agathe amenipata.”

“Ngoja. Ya pili.” Akaeleza habari ya Mzee Gérard, bega kushuka, bega kupanda, miaka mitatu, mwiko. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kujisahihisha, lakini hakuna aliyemkatiza. Bruno aliacha simu yake. Alipofika kwenye neno lenye milango miwili, alinyanyuka toka kitini ili waone tofauti: hivi ni kusimama kwa mama, na hivi, akapiga magoti sakafuni na kunyanyuka tena, ni kusimama kwa Gérard.

Midomo ya Sagesse ilikuwa ikilipitia shairi lake mwenyewe toka mwanzo.

“Papa,” akasema, “hiyo sikuiweka.”

“Haukuiweka?”

“Kweli sikuiona. Nililiandika hilo neno na sikuona kama linanyanyuka.”

Papa Polycarpe aliingiwa na wasiwasi. “Basi nimekosea?”

“Hapana! Imo. Imo kabisa, tena inaingia mpaka mstari wa mwisho. Mimi ndiye sikujua.”

Mzee alifikiri, akikuna kidevu. Kisha jambo hilo likaonekana kwake la kawaida tu. “Mimi pia najenga ngazi,” akasema. “Sijuwe nani atapita, wala amebeba nini.”

Bruno aliandika hayo daftarini mwake, na Maman Gisèle akaangua kicheko chake, na mwanamke aliyekuwa akipita barabarani na beseni la ndizi akatazama juu kujua kuna arusi gani.

Majuma mawili baadaye Maman Gisèle aliizindua ngazi yake. Hakukata utepe. Aliwaalika majirani, wenzake wa chuo na jamaa za washairi, akawaketisha kwenye vidato, kutoka juu hadi chini, na washairi wakasimama ufukoni, ziwa nyuma yao. Ignace alikuja na suruali mpya, akakaa juu kabisa kwenye kidato cha thelathini na sita. Kila aliyeketi karibu naye alielezwa ni nani aliyekijenga. Maman Agathe alivaa kitenge cha Pasaka. Alimsalimu Sagesse kwa busu tatu, akamshika mkono kwa muda mrefu, akamuuliza nyanya yake anaitwa nani ili amwombee.

Sagesse alisema shairi lake. Alipofika kwenye mstari wa tisa alinyamaza baada yake kwa pumzi nzima, na Papa Polycarpe aliona mamia ya vidole vya miguu, ndani ya viatu vya Jumapili, vikiacha kugonga mawe.

Lakini aliyewasha moto siku ile alikuwa Bruno, aliyeleta shairi jipya, la kasi, lililokwenda kama mvua juu ya bati. Ndani yake chumvi iliingia kwenye maji na kuyauliza: *kati yetu sisi wawili, aliyeingia ni nani?* Watu walitikisa vichwa kwa mapigo. Lilipokwisha, nusu yao walikuwa wakicheka na nusu wakiulizana amesema nini.

“Hiyo ni ndoa,” akasema Maman Agathe palepale. “Iko wazi.”

“Ni simenti,” akasema Papa Polycarpe.

“Simenti? Mutu anasema chumvi!”

“Anasema chumvi ili usione simenti. Unatia maji, halafu hakuna maji tena, hakuna unga tena, iko kitu ya tatu. Sikiliza vizuri.”

“Nimesikiliza. Ile ya mbele, ya mugongo, nani aliijua?”

Hawakukubaliana kwenye soda, wala kwenye sambaza, dagaa wa ziwa lile, za kukaanga zilizopitishwa kwa sinia, wala walipomshika Bruno, mmoja kila mkono, wakimtaka aseme ukweli. Bruno alikataa. Alisema anataka majibu Jumamosi ijayo.

Kazi ya Nguba ilikuwa imekwisha, na juma lile Papa Polycarpe na Ignace walianza ukuta upande wa pili wa mji, wakipokezana mwiko. Jumamosi mzee aliacha kazi mapema, akaoga, akatafuta shati safi. Alikuwa amepata hoja tatu mpya juu ya simenti, na alitumaini kutoka kimyakimya ili afike wa kwanza. Alipotokea sebuleni, Maman Agathe alikuwa amekwisha kuvaa viatu, mkoba begani, uso wake uking'aa kwa siri.

“Nimeipata,” akasema. “Si ndoa. Wala si simenti yako.”

“Ni nini?”

“Nitamuambia Bruno.”

“Mama Elodie, niambie, njia iko murefu.”

“Hapana,” akasema Maman Agathe, akafungua mlango.